Juu Ipi?

Ofisi yetu ya hali ya hewa ilikuwa mjini, karibu na bandari, na chumba cha rada alikisimamia dada mmoja wa Kilimanjaro aliyenitangulia kazini. Alikuwa mbishi, nami nilimpenda kwa ubishi huo. Tulikuwa tukirusha puto lililofungwa kipande cha karatasi ya kung'aa, naye analifuata kwa rada mpaka anajua upepo wa kila kimo, kuanzia juu ya mapaa hadi kule zinakopita ndege kubwa.

Zikaja picha za setilaiti. Unaweka mbili za saa tofauti, unapima wingu limesogea vipi, umepata upepo bila kurusha puto. Tulipolinganisha, vikapishana vibaya. Picha zilisema upepo wa juu unatoka mashariki, rada ikasema magharibi. Mkuu wetu, aliyechoka kusaka fedha za kigeni za vipuri, akaamua kwamba rada imezeeka na itazimwa. Dada angepelekwa masjala kupanga mafaili. Iliniuma sana.

Jumamosi tulisikia sukari imefika Kariakoo, tukaenda. Tukiwa shimoni, ile sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, akaniambia, "Tukutane juu." Nikapanda hadi ghorofani, nikasubiri mpaka njaa ikanishika. Niliposhuka nikamkuta mlangoni, usawa wa barabara, amefura.

"Si nilikwambia juu?"

"Nilikuwa juu, dada."

"Kule ni ghorofani. Mtu akiwa shimoni, juu ni hapa."

Ghafla akautua chini mfuko wa sukari. "Yale mawingu kwenye picha," akasema taratibu. "Tunayaita ya juu. Juu ipi?"

Jumatatu hakunywa hata chai. Aliuchukua upepo wa picha, akaulinganisha na upepo wa rada kimo baada ya kimo, akishuka. Chini sana kuliko tulipodhani, vikakubaliana kama sufuria na kifuniko chake. Mawingu yale hayakuwa ya juu hata kidogo. Nilijisikia fahari kama vile nimegundua mimi.

Mkuu akaitwa.

"Sasa nani mkweli?" akauliza.

Dada akajibu, "Wote, ndugu. Picha inaona mpaka katikati ya bahari, ila haijui wingu liko ghorofa ya ngapi. Rada ndiyo inayoiambia."

Mkuu akafuata kwa kidole mistari ya upepo aliyoichora dada kwenye karatasi. Kisha akauliza vipuri vya rada vinaagizwa kutoka nchi gani.