Ngoma ya Chini

Wiki iliyopita nilimwona babu yangu kwenye simu ya mtu. Uso haukuonekana. Ulionekana mkono wake wa kushoto tu, pembeni kabisa ya kioo, ukipanda na kushuka juu ya ngozi ya ngoma. Nilimjua kwa kidole gumba. Kidole kile kilibanwa na kasha bandarini Malindi, hapa hapa Unguja, enzi zake za uchukuzi, kikapona kimepinda kwa nje kama kijiko cha bati kilichokanyagwa.

Simu ilikuwa ya mmoja wa vijana wanaokaa kwenye baraza mbele ya meza yangu. Mimi nauza kachori na bajia hapa Jang'ombe, kuanzia alasiri, na vijana hao ndio wateja wangu wa kila siku. Siku hiyo walikuwa wakiwashindanisha wapiga ngoma. Kila mmoja na wake: wa beni, wa kidumbak, hata wale wa Ulaya wanaopiga ngoma saba peke yao kwa mikono na miguu. Waliwagawia alama kama walimu, huyu kwa kasi, huyu kwa madoido, huyu kwa sikio la muziki. Mwisho mmoja akafungua picha ya video ya harusi ya zamani, ya mtaa huu huu wetu, akasema, "Tazameni huyu, yakhe. Wengine wote wanatwanga tu."

Aliyejaa kioo ni jirani yetu wa zamani, fundi baiskeli, tuliyemwita Fundi tu. Vidole vyake vilikuwa havionekani kwa kasi.

"Na yule wa kando?" mwenzake akauliza.

"Yule? Ah, yule anagonga. Hata mimi naweza."

Nilikuwa na upawa mkononi na mafuta yanachemka. Nilitaka kusema, lakini maneno hunikwama watu wakinitazama, tangu niko skuli. Nikaepua kachori, nikawapa, nikanyamaza. Basi nimekaa kuandika, polepole, kwa sababu kwenye karatasi hakuna anayenitazama usoni. Wewe kaa hapa karibu yangu, nikueleze. Nasema mapema ili tusipotezeane muda: mpiga ngoma mkubwa kuliko wote niliowasikia ni yule wa kando. Asiyekubali asome mpaka mwisho, kisha abishe.

Kidumbak cha babu kilikuwa kikundi kidogo. Fidla, sanduku la chai lenye waya mmoja wa kuvuta, mwimbaji, na ngoma mbili za udongo, ndogo kama vyungu, zimewambwa ngozi mdomoni. Ngoma ya juu, yenye sauti kali, alikuwa nayo Fundi. Ngoma ya chini alikuwa nayo babu. Kila Jumatano baada ya sala ya alasiri walifanya mazoezi uani kwetu. Kwanza uliwashwa moto wa makumbi ya nazi, ngoma zikapashwa mpaka ngozi ikaze. Moshi ule uliingia kwenye kanga za bibi zilizoanikwa, naye kila Jumatano aliapa kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho, kisha akatoka na mkate wa kumimina wenye harufu ya hiliki na birika la kahawa, akawakatia kila mtu kipande, cha babu kikubwa kuliko vyote.

Sitamdharau Fundi ili nimpandishe babu. Fundi alikuwa na mikono ya ajabu. Vidole vyote kumi vilifanya kazi, vikimwagika kwenye ngozi kama mvua ya masika juu ya bati. Aliweza kuiga kengele ya baiskeli, hatua za kuku, mwanamke anayechapa viatu vya mti. Akipiga huiweka kofia upande, hutazama juu kama vile mikono si yake. Watoto wote wa mtaa tulitaka kuwa yeye.

Babu alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, miguu kaikunja, anatazama chini. Mikono yake ilikuwa mizito ya kubeba magunia. Alipiga kidogo, tena pale pale. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine. Akishapiga kwa kiganja, alikisukuma kile kidole gumba kibovu kwenye ngozi, na sauti ikainuka mwishoni. Mwimbaji akivuta neno, ngoma ya babu ikamjibu kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake akaitika naam. Kila mara. Haikumkata wala haikumchelewesha.

Na ufundi alikuwa nao, ila haukuwa wa kutazamwa. Mimi nilipewa kopo la siagi na babu akaniambia nipige mwendo mmoja, nisibadilishe. Kisha akaanza kunichokoza. "Shangazi yako wa Kidichi anaitwa nani? Jana tulikula nini? Mbona kuna mjusi begani kwako?" Mkono wangu ukienda mbio au ukasita, nimeshindwa. Nilishindwa miezi mingi. Siku moja akamwambia Fundi naye ajaribu. Fundi alishindwa kwenye mjusi. Tukacheka mpaka bibi akatoka kuuliza nani kaumia. Babu yeye aliweza kupiga mwendo ule huku anakunywa kahawa, anamjibu mtu salamu, anamfukuza paka, na usingesikia tofauti hata chembe.

Alikuwa na neno lake akinifundisha: "Waachie watu pumzi." Nilidhani anasemea kupumua tu.

Nilipokuwa na miaka kama kumi, kiongozi wa kikundi, mpiga fidla, alikuja siku isiyokuwa Jumatano. Alikaa ukingoni mwa kiti. Fundi alikuwa naye, amesimama mlangoni anatazama viatu vyake.

"Mzee," kiongozi akasema, "harusi za siku hizi watu wanataka kuchangamka. Tumempata kijana mwenye mikono mepesi. Wewe pumzika kidogo, tutakuita."

Babu akasema, "Sawa."

Walipoondoka bibi alitoka jikoni na mwiko. "Sawa gani? Miaka yote umewashikia ngoma yao isianguke, leo unaambiwa pumzika kama mgonjwa?"

"Waache wasikie wenyewe."

"Watasikia na nini? Wale wana macho tu, masikio hawana."

Wiki ile nyumba yetu ilikuwa ngeni. Babu alikuwa mtu wa kugonga kila kitu, sinia, mlango, kichwa changu, na sasa hakugonga kitu. Alikula mara moja kwa siku. Kwake ile ngoma haikuwa pumbao. Mgongo ulishamkataza mizigo, macho yalishamkataza kusoma, na kitu kilichobaki ambacho watu walimhitaji nacho kilikuwa hicho. Niliona kwamba kikiondoka, babu atakuwa mzee wa kukaa tu.

Jumapili kikundi kilikuwa na harusi, nyumba ya tano kutoka kwetu. Bibi alikwenda kwa sababu bibi harusi alimlea yeye, lakini aliniambia tukiwa njiani, "Sichezi. Nitakula pilau, nitarudi."

Kijana wa mikono mepesi alikuwepo, na ngoma ya babu ilikuwa magotini mwake, maana ngoma ilikuwa mali ya kikundi. Akafanya kosa ambalo mtu wa ngoma moja tu ndiye hulifanya. Aliipasha moto ule ule wa Fundi, kwa muda ule ule, mpaka ngoma zote mbili zikalia sawasawa. Babu alikuwa akiitoa yake mapema, ngozi ingali nzito. Bibi alisikia pigo la kwanza tu akaniinamia, "Kaikausha kama papa."

Wimbo wa kwanza watu walipiga vigelegele. Nasema kweli, ulichangamka. Wa pili, zile ngoma mbili zikawa kama mashoga wanaosutana, kila mmoja anasema na hakuna anayesikiliza. Fundi akiongeza, kijana anaongeza. Wanawake waliokuwa wakizunguka kwa kiuno, taratibu, wakajikuta wanarukaruka. Mwimbaji akawa anameza maneno nusu. Mama mmoja mnene akajitupa kwenye mkeka, anajipepea kwa ncha ya kanga.

"Hii ngoma," akasema, "au mnafukuza kuku?"

Watu wakacheka. Kiongozi akacheka pia, jasho linamtoka. Katikati ya wimbo wa tatu Fundi akaweka ngoma yake chini, akainuka, akatoka. Nikajua anakokwenda. Nilipita uchochoroni nikafika kabla yake.

Babu alikuwa uani, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mzee," Fundi akasema.

"Marahaba. Harusi imeshakwisha?"

"Haijaanza."

Babu akatoa kijiwe, akakitupa. "Mwenzako si yupo?"

"Yupo. Na mimi nipo. Hakuna wa kutushika. Mzee, mimi mbio zangu zote nakimbia juu ya mgongo wako. Leo nimekanyaga nikakuta hapana kitu."

"Nimeambiwa nipumzike."

"Mimi sikukwambia."

"Ulikuwepo," babu akasema. "Ukanyamaza."

Fundi alichuchumaa mbele ya ungo, na vile vidole ambavyo mji mzima ulikuja kuvitazama vikaanza kuchambua mchele. Walichambua wote wawili kwa muda. Kule harusini fidla ilikuwa inalia peke yake.

"Nilinyamaza," Fundi akasema mwishowe. "Niwie radhi."

"Ngozi yangu mmeifanyaje?"

"Imekauka."

"Itataka maji." Babu akajikung'uta, akavaa shati. Akaniambia, "Nichukulie kikalio changu."

Nilibeba ile mbuzi ya nazi kichwani, nikatangulia mbele yao. Kiongozi alileta kiti kizuri, cha wageni. Babu alikipita. Alikaa pale pake pa chini, akamwambia yule kijana asiondoke, akae ubavuni kwake asikilize, kisha akachovya kiganja kwenye maji na kuisugua ngozi mpaka ikalegea kama aitakavyo. Akapiga. Sikumbuki wimbo. Nakumbuka kwamba yule mama mnene aliinuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono, na kwamba bibi, aliyeapa, aliniachia sahani ya pilau niishike. Nakumbuka pia kwamba Fundi hajapata kupiga vile, kabla wala baada. Ilikuwa kama mtu aliyerudishiwa sakafu. Ndipo mgeni mmoja akatoa simu. Akamwelekezea Fundi.

Babu alibaki na ngoma yake mpaka mikono ilipokataa. Sasa hayupo, na bibi hayupo. Fundi alihamia bara. Kiongozi aliiuza fidla. Ua wetu umejengwa chumba cha kupangisha na mahali pa moto pamewekwa tangi la maji. Harusi siku hizi anakuja mtu mmoja na kinanda cha umeme, anabonyeza kitufe, ngoma zinatoka humo zenyewe, hazichoki wala hazimsikilizi mtu. Mwimbaji akisita, zinamwacha. Naambiwa ndiyo maendeleo. Mimi nasikia kitu kisichowaachia watu pumzi, na sitasema vingine ili nionekane wa kisasa.

Nimeandika mpaka hapa kwa siku nne. Jana wale vijana waliifungua picha ile tena, na yule yule akasema tena, "Huyu wa kando angekatwa kabisa." Nikasikia sauti yangu inasema, "Iunganishe na spika."

Wakageuka wote. Hawajawahi kunisikia nikisema zaidi ya "ngapi" na "pilipili?"

"Dada, kumbe unasema?"

"Iunganishe na spika. Simu haitoi sauti ya chini."

Wanayo spika yao ya kusikilizia mpira. Wakaiunganisha. Nikasema wailaze simu kifudifudi, wasitazame, wapige makofi kufuata wimbo. Walicheka, wakaona ni mchezo, wakapiga. Ile sauti ya chini ilitoka kwenye spika nikaihisi kwenye miguu ya meza. Makofi yao yaliyumba kidogo, kisha yakakaa, watu sita kama mmoja.

"Msiache," nikasema. Nikaichukua simu, nikaigeuza, nikaweka ncha ya kidole pembeni mwa kioo. "Sasa tazameni hapa. Kidole hiki kilichopinda."

Kidole kilishuka, makofi yakalia. Kikashuka, yakalia. Hawakukosa hata mara moja.

Yule aliyesema hata yeye anaweza aliacha kupiga, akasogea karibu. "Nani huyu?"

"Babu yangu."

"Mbona haonekani?"

"Haonekani. Na mikono yenu inamfuata."

Wimbo uliendelea mpaka mwisho na wao wakaendelea kupiga makofi. Nilipogeukia karai, kachori nne zilikuwa zimeungua. Niliwapa hivyo hivyo. Walizila.