Nimehangaika kuchagua boot manager, kumbe mama hakai mbele ya laptop ikiwaka

Wakuu, salaam kutoka huku mteremko wa Meru. Haya yametokea nyumbani kwetu, sijaongeza chochote.

Mimi ni graduate, bado natafuta kazi. Nyumbani laptop ni moja. Mama ni mwalimu, anasoma masters kwa masafa, anatumia Windows. Mimi najifunza programming, natumia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta.

Alikubali niweke zote mbili kwa sharti moja: "Usiniharibie shule yangu."

Mtu kama mimi ukimwambia hivyo, hatulii tena.

Kwa wasiojua, boot manager ndiyo inayouliza laptop ikiwaka: leo tunaingia wapi? Ipo inayoitwa GRUB, ni maandishi kwenye giza, nikaogopa mama atadhani mashine imekufa. Nikaishia kwa rEFInd. Ina picha, unasogeza mishale, unabonyeza Enter.

Ikabaki timeout, yaani muda inaosubiri kabla ya kujichagulia yenyewe. Hapo niliwaza mpaka kichwa kikauma. Nikiweka sekunde chache, itamchagulia kabla hajasoma, tena itampeleka ilikoingia mara ya mwisho, yaani Linux yangu.

Nikaizima kabisa. Isubiri mpaka mtu achague. Nikamwonyesha mama, akasema sawa huku anamenya ndizi.

Jumamosi alikuwa anawasilisha proposal yake online mbele ya walimu wa chuo. Ukikosa, unangoja awamu nyingine, na yeye alishaahirishwa mara moja.

Mimi nilikuwa Ngarenaro, mjini, kutafuta chaja. Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii mashine leo inachelewa. Nimechemsha chai, nimekata majani ya ng'ombe, bado inawaka tu."

Niwaeleze kidogo. Laptop hii zamani ilikuwa nzito sana. Mama akazoea: anabonyeza, anageuka, anaenda jikoni. Nilishabadilisha disk ikawa nyepesi, ila mazoea yamebaki. Kwa hiyo menu ilikuwa inamsubiri mama, na mama anaisubiri menu, kila mmoja kwa heshima zake.

Nikamuuliza anaona nini.

"Dirisha la bluu. Pembeni kuna ndege mnene amekaa." Dirisha ni alama ya Windows, ndege ni pengwini wa Linux.

"Simama kwenye dirisha, bonyeza Enter."

Nikasikia anabonyeza.

"Haya, imeleta picha yangu. Kata simu, watu wananingoja."

Aliingia wakati wanaita jina lake. Proposal imepita, kuna masahihisho madogo.

Jioni nikaanza kumweleza kwa urefu kwa nini nilizima timeout. Akanikatiza: "Wewe ndiye unayemtaka huyo ndege, na wewe ndiye unayekaa hapo kuikodolea mashine macho. Basi wewe ndiye ubonyeze. Mimi niache niende jikoni."

Wakuu, hiyo ndiyo setting yenyewe. Sasa default, yaani inayofunguka yenyewe usipochagua, ni Windows, timeout sekunde chache. Nikitaka Linux nawahi mishale.

Nilichojifunza: nilisoma reviews zote za boot manager, ila sikuwahi kumtazama mama akiwasha laptop. Hata GRUB ingetosha.

Ninyi mnaotumia mashine moja na wazazi au wenza wenu, mmeweka default ipi?

Na mwenye uzoefu aniambie: ni kweli Windows ikifanya update kubwa inaweza kuiruka rEFInd? Mama ameona tangazo la update leo asubuhi, na nimemwomba asiguse kitu mpaka nisome majibu yenu.