Turubai la Mashua ya Ramadhan

Heriel, Mchaga wa Rombo anayeuza maturubai karibu na Mtaa wa Msimbazi, ana mchezo mmoja ambao mimi umenichosha. Mteja akiingia, anamwambia anyooshe mkono, anaufunika kwa kipande cha turubai, kisha anamwaga jagi zima la maji juu yake. "Umelowa?" Hajalowa. Biashara imekwisha. Anayepiga deki ni mimi, Candida, fundi wake wa cherehani kwa miaka kumi na moja sasa.

Msema kweli mpenzi wa Mungu: Heriel ni muuzaji hodari. Malori ya mikoani, mahema ya misiba, vibanda vya mama lishe, vyote anajua vinafunikwaje. Ugonjwa wake ni kwamba hawezi kusema "sijui".

Mwezi wa tatu, mawingu yameshajikusanya, akaingia mwanamke mmoja anaitwa Zamda. Mume wake, Ramadhan, alikuwa amelazwa, paja limevunjika, na mashua yao ya mbao imevutwa nchi kavu Kigamboni.

"Ndugu wananiambia niiuze kabla mvua haijaiharibu," alisema. "Yeye pale kitandani haulizi mguu wake. Anauliza, chombo kimefunikwa? Kikioza, kaka Heriel, na yeye hainuki tena."

Nilimwonea huruma mpaka nikasimamisha cherehani.

"Dada'angu, umefika," akasema Heriel, mkono tayari uko kwenye jagi.

Akampa lile la plastiki la buluu, zito kuliko yote dukani. Tena kwa wema wake akavuka na pantoni kwenda kulifunga mwenyewe, akalikaza kamba kama anafunga lori la Tunduma, hata inzi asipate pa kupita. Aliporudi nilimuuliza kama mashua hufungwa hivyo. Akaniambia nishone.

Wiki mbili baadaye Zamda akarudi. Hakusalimia. "Mangi, twende ukaone," akamwambia Heriel. Nami nikafunga duka nikawafuata, maana ugomvi wa namna ile siukosi.

Kule Kigamboni, Heriel alipolegeza kamba moja tu, joto likatupiga usoni. Maji ya mvua hayakuwa yameingia hata tone, lakini jasho la mbao lilikuwa linadondoka kutoka chini ya plastiki, na ukungu mweupe umeanza kutambaa kwenye mbavu za mashua.

"Kwenu mkitaka ndizi ziive upesi mnafanyaje?" Zamda akauliza.

Heriel akajibu polepole, "Tunazivundika. Tunazifunika vizuri, hewa isipite."

"Basi na chombo changu umekivundika."

Nilitegemea abishe. Badala yake alikaa pale pale mchangani, akashika kichwa. "Nimekosa, dada. Mambo ya vyombo siyajui. Nifundishe."

Miaka kumi na moja sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Siku ile nilimpenda bure.

Zamda akamfundisha. Mbao inataka kivuli na upepo; mvua isiinyeshee, jua lisiipasue, lakini ipumue. Basi nikashona turubai la kitambaa kizito, pana, lenye pete za chuma pembeni za kupitishia kamba. Tukalitandaza juu ya mti mrefu uliolazwa kutoka mbele ya mashua hadi nyuma, likakaa kama paa la nyumba, huku na huku wazi. Ukungu tuliusugua wote watatu, kisha Zamda akampa Heriel kopo la sifa, yale mafuta ya papa, apake mbao. Alinuka wiki nzima na wateja wakawa wanaishia mlangoni. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Masika yote, kila Jumapili baada ya misa, alivuka Kigamboni kwenda kuingiza mkono chini ya turubai, aone kama upepo unapita.

Mwezi wa nane akaingia dukani mwanamume anayetembelea gongo, turubai letu limekunjwa begani. Heriel akasimama, jagi mkononi. Alimjua bila kuambiwa.

"Shemeji, limeharibika?"

"Hapana," akasema Ramadhan. "Nitunzie hapa. Chombo kiko majini tangu juzi."

Heriel akaweka jagi chini, akalipokea turubai kwa mikono miwili, akasahau hata kumpa mgeni kiti. Nilimpa mimi changu.