Yahaya wa vilivyopotea na tovuti iliyotoa siri

Saa moja na nusu asubuhi. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, na katika chumba kidogo cha steshenari karibu na stendi ya Tunduma, Yahaya Salum anafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta. Kabla hajamaliza, mteja anaingia na cheti cha kuzaliwa mkononi. Anataka kopi mbili.

"Vuka barabara, duka la bluu," Yahaya anamwambia. "Mimi sina mashine."

"Huna mashine, na nje umeandika fotokopi?"

"Maandishi nitayafuta, ndugu yangu. Nayaonea uchungu kidogo."

Mteja anacheka na kuvuka barabara. Juu ya meza ya pembeni bado kuna alama ya mraba, mahali mashine ya kopi ilipokaa miaka sita. Yahaya aliiuza mwaka jana, 2013. Sababu ya kuiuza ndiyo iliyomleta mwandishi huyu mpaka hapa.

Yahaya ana miaka 41. Anachapa barua, anauza madaftari na kalamu, na siku njema hubaki na shilingi 12,000. Lakini mjini hapa wengi hawamjui kwa barua. Wanamjua kama Yahaya wa vilivyopotea. Ukiokota leseni, begi, pasipoti au funguo za lori, humpelekea yeye.

Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu baba yake, aliyetoka Kondoa mwaka 1988 akiwa utingo wa malori. Kila Ijumaa baada ya swala, mzee alisimama nje ya mlango wa msikiti, si ndani, na kutangaza kilichookotwa.

"Baba alinifundisha sheria moja tu," anasema Yahaya. "Tangaza aina ya kitu, ficha alama zake. Sema kuna begi limeokotwa, basi. Rangi yake na kilichomo, mwenyewe ndiye ataje. Akitaja sawasawa, mpe. Akibabaika, mpe chai aende zake."

Mwaka 2009 daftari la mzee lilijaa. Yahaya, aliyewahi kusoma kozi ya kompyuta ya miezi mitatu Mbeya mjini, alijenga kanzidata yake mwenyewe kwenye kompyuta ya dukani. Aliipa safu ya aina ya kitu, ya siku, ya mahali, na safu moja ndefu ya alama. Mpaka wiki hii ameandikisha vitu 1,146, na 791 vimerudi kwa wenyewe.

Tatizo la Tunduma ni kwamba watu hawakai. Unapookota leseni ya dereva, mwenyewe keshafika Lusaka. Ndipo mwezi Machi mwaka jana alipomwita Clever, fundi kompyuta wa Vwawa, amtengenezee tovuti itakayosoma kanzidata ile moja kwa moja, ili mtu atafute kwa simu popote alipo.

Iliwachukua siku tisa. Mwanzoni kila Yahaya alipofungua faili aandike kitu, tovuti iligoma. Clever akalitatua hilo, akafunga antena juu ya paa, na jioni ya siku ya tisa orodha ya vilivyopotea ikatokea kwenye simu.

"Nilipiga takbira mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba au harusi," Yahaya anakumbuka. "Nilifurahi kuona maneno yangu kwenye simu. Sikujiuliza nani mwingine anayaona."

Loh! Kumbe ukibonyeza jina la kitu, tovuti ilileta safu zote, na ile ndefu ya alama ikiwemo. Yaani kile ambacho mzee alikificha maisha yake yote, mashine ilikisema kwa kila aliyeuliza.

Mwezi Aprili likaokotwa begi stendi. Yahaya aliliandika: rangi ya kahawia, zipu imeshonwa kwa uzi wa kijani, ndani vitenge kumi na viwili. Siku ya tatu akaja mwanamume wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, salamu za heshima. Akataja rangi, zipu na vitenge kumi na viwili. Yahaya akampa, akamwombea na safari njema.

Siku mbili baadaye aliingia Nesta Mbonile, mfanyabiashara wa Isongole. Begi lilikuwa lake, na mle ndani ulikuwemo mtaji wake wote.

"Nilimwambia kaka Yahaya rangi, nikamwambia zipu," anasimulia Nesta, ambaye mwandishi alimkuta dukani hapo. "Nikatoa kwenye pochi uzi wa kijani niliobaki nao. Akauangalia uzi ule, akakaa chini."

Nesta alitaja na kitu kingine, kilichoshonewa ndani ya begi, ambacho Yahaya hakukiona alipolikagua.

"Pale ndipo nilipoelewa," anasema Yahaya. "Yule bwana alijua nilichoandika. Dada huyu alijua kilichomo. Tena yule alivitaja kwa mpangilio uleule nilioandika mimi, na sikushtuka! Nilimpa mwizi mali ya mtu kwa mkono wangu wa kulia."

Jioni hiyohiyo alizima tovuti. Wiki iliyofuata aliuza mashine ya kopi na kumnunulia Nesta vitenge vingine. Majirani walimshauri aachane na mambo ya mtandao, arudi kwenye daftari. Naye alikubali. Kwa miezi miwili tovuti ilikuwa kimya.

Aliyeirudisha ni Nesta mwenyewe.

"Nilikuja nikamkuta amenuna kama bibi harusi aliyekosa gari," anasema, na Yahaya anainamisha kichwa akicheka. "Nikamwambia, kaka yangu, ukifunga, yule mwizi kashinda mara mbili. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Fungua tovuti, lakini ufunge mdomo wake."

Clever akaitwa tena. Hakujitetea. "Niliunganisha kila kitu kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi," anasema kwa simu. "Kompyuta inakupa ulichoomba. Haikuulizi kama inafaa."

Safari hii alama zilihamishiwa faili jingine, ambalo tovuti haina njia ya kulifikia. Inaona aina ya kitu, siku na mahali tu. Mengine ni mpaka uje uhojiwe, na kila Jumanne, akija mjini kununua bidhaa, anayehoji ni Nesta.

"Mimi sioni aibu kuuliza," anasema. "Kaka Yahaya mpole mno, akisalimiwa vizuri analainika."

Wakati tunaongea, dereva wa Kizambia anaingia. "Mulishani, ba Yahaya," anasalimu. Ameona kwenye simu kwamba kuna pochi iliyookotwa. Nesta anamvutia kiti na kuanza maswali. Dakika kumi baadaye pochi imerudi kwa mwenyewe, na dereva anatoka akiibusu leseni yake.

Yahaya anaweka akiba anunue betri na paneli ya sola, kwa sababu kompyuta hii ndiyo inayoendesha tovuti, na umeme ukikatika, yote hulala. Baadaye anataka wenzake wa mji jirani wa Mpemba, na wa Nakonde upande wa Zambia, nao waandikishe humo vitu wanavyookota.

Kabla ya kuaga, mwandishi anaomba kuiona orodha ya pili, ya watu waliopotelewa. Ipo mistari mingi. Katika mmoja, wa Aprili 2013, kitu kilichopotea ni begi. Aliyepoteza: Yahaya Salum. Mahali lilipopotelea: mezani kwangu.

"Siku likirudi nitaufuta," anasema. "Si kabla."

Na kile kitu kilichoshonewa ndani, ni nini hasa?

Yahaya anamtazama Nesta. Nesta anatikisa kichwa.

"Hicho usiandike gazetini," anasema Yahaya. "Atakayelileta lile begi ndiye akitaje."