Rubisi Iliyoishia Pori la Ibanda

Ukitaka kujua Deodatha alikuwa mtu wa namna gani, usiwaulize wanakwaya wenzake, hao watakusifia sauti tu. Uliza habari za ile safari ya kwao Murongo, kiangazi cha mwaka themanini na saba.

Mambo yalianza kwa kutoroka. Deodatha alipompenda Projest wa Nyabiyonza, kijana mwenye kahawa kidogo na pikipiki kuukuu aliyouziwa na mmisionari, hakusubiri posa wala mshenga. Alipanda nyuma, huyoo! Baba yake, mzee Ildefonsi, akatamka kwamba binti huyo asikanyage tena uani kwake. Na mzee huyo akisema, amesema. Deodatha akalima, akapika, akaimba, akacheka na majirani, lakini akitajiwa Murongo tu, machozi hayo. Ndipo siku moja mzee akatuma neno kwa katekista Xaveri: waje Jumamosi, na waje na rubisi.

Sasa rubisi ya kuingilia ukweni si pombe ya kununua kilabuni. Mkwe avundike ndizi zake mwenyewe, azikanyage na nyasi, aichachushe kwa mtama nyumbani kwake, kisha aibebe mpaka kwa baba mkwe. Mzee akionja, yamekwisha, umekuwa mtoto wa nyumba. Asipoonja, geuza urudi ulikotoka.

Tangu zamani hubebwa kwa kibuyu kilichozibwa na jani la mgomba, ili pombe ipumue. Lakini kibuyu juu ya pikipiki, kwa barabara zile? Kingefika vipande. Projest akachukua dumu la plastiki, akalisimamisha kitini katikati yao, akalikaza kwa mipira, kisha kifuniko akakilegeza.

"Deodatha, hiki usikiguse. Rubisi bado inachemka."

"Mimi mtoto?" akajibu Deodatha, akakaa upande kama mke wa mchungaji, amevaa kitenge kipya cha njano, dumu kalikumbatia.

Mpaka Nkwenda mambo yalikuwa shwari. Watu wa dukani walitoka barazani kuwatazama, naye Deodatha akawapungia mkono kama mkuu wa wilaya. Baada ya hapo mashimo yakaanza, na kwa kila shimo rubisi ikaruka kidogo ikatua wapi? Kwenye kitenge cha njano. Tone hapa, tone pale. Akavumilia, akavumilia. Walipofika Isingiro, Projest akaenda kutafuta petroli. Deodatha akatazama huku, akatazama kule, akakishika kile kifuniko akakikaza kwa mikono miwili, mpaka kikalia. Akajifuta, moyo wake mweupe.

Jamani, mwanamke huyu!

Wakaingia pori la akiba la Ibanda. Ardhi kavu, nyasi zimeungua, jua linachoma kisogo, na mbung'o wanauma hata kupitia soksi. Swala waliinua vichwa wakawashangaa. Dumu likaanza kuvimba. Deodatha alilisikia likimsukuma tumboni, akadhani ni breki.

PAAA!

Projest alikuwa amekimbia mabomu wakati wa vita vya Amin, na masikio yake hayakuwa yamesahau. Aliiachia pikipiki, akajirusha mtaroni, akainua mikono juu. "Sisi raia! Sisi raia wema!"

Pikipiki ilikuwa imelala ubavu, tairi linazunguka. Deodatha alikuwa ameketi katikati ya barabara, mzima wa afya, anachuruzika rubisi kuanzia kilemba mpaka viatu. Dumu lilikuwa limepasuka toka juu hadi chini. Nyani wakashuka mitini, wakaanza kulamba barabara bila hata kubisha hodi.

Projest akaliinua dumu, akakitazama kifuniko. Kilikuwa bado kimekazwa shingoni. Akamtazama mkewe.

"Kitenge," alisema Deodatha kwa sauti ndogo.

Oo, hapo Projest alimwaga maneno! Alizitaja ndizi zake moja moja, aliitaja miguu yake iliyokanyaga, na akauliza kitenge na ndoa kipi kizito. Deodatha alilia kwa sauti mpaka nyani wakasogea mbali. "Hatanipokea tena," alisema. "Safari hii ndiyo basi." Projest akainua pikipiki, akalifunga dumu lililopasuka palepale lilipokuwa. "Panda," akasema.

Waliingia uani kwa mzee Ildefonsi wakinuka kilabu kizima. Wazee walikuwa wameketi na mirija yao tayari. Wakapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Mzee alilitazama dumu, akamtazama binti yake, akainusa hewa. "Rubisi iko wapi?"

"Dumu lilipasuka njiani, baba," alisema Projest. "Kosa ni langu. Nilikaza kifuniko."

Deodatha akageuka kumtazama mumewe, mdomo wazi.

"Wewe ulikaza?"

"Mimi, baba. Ujinga wangu."

Mzee Ildefonsi akatikisa kichwa. "Kijana, mwongo mkubwa wewe. Huyu nimemlea mimi. Alipokuwa mdogo alikuwa anazibaziba vibuyu vyangu kwa matope, ati nzi wasiingie. Viwili vilinipasukia chini ya kitanda." Wazee wakacheka wakapigana mabega. Mzee hakucheka. Alimtazama Projest kwa muda, macho yamemlainika. "Basi unamfichia makosa yake. Nilikuwa naogopa kwamba huko aliko hana mtu wa kumfichia."

Deodatha akaangua kilio, safari hii bila aibu, akamkumbatia baba yake miguu.

Mzee akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha rubisi yake mwenyewe, akakiweka mikononi mwa Projest. "Toka nje ya ua. Piga hodi upya."

Projest akatoka, akapiga hodi. Akakaribishwa. Akaingia na kibuyu, akapiga magoti, akakitoa kwa mikono miwili. Mzee akachomeka mrija, akavuta taratibu, akafumba macho.

"Mkwe wangu," akasema, "unajua kupika pombe."

"Asante, baba," alijibu Projest, uso mkavu kabisa. "Ndizi ni za shambani kwangu."