Riziki alinikataza kushuka

Tangu Jumatatu naandika, nafuta. Akili yangu haijakubali kwamba Riziki sasa ni mtu wa kusemwa "alikuwa".

Kwa msiomjua: Riziki ni shoga yangu, rafiki yangu mkubwa, tulisoma ufundi pamoja hapa hapa Chake, Pemba. Yeye uashi, miye bomba. Wasichana tulikuwa wachache mno, ikawa alipo yeye na miye nipo.

Ukuta wake wa kwanza chuoni aliujenga kwa mchanga na chokaa, maana kuta za mazoezi huvunjwa ili matofali yatumike tena. Ulipovunjwa alilia. Mwalimu akamwambia, "Huu ulikuwa wa kujifunzia tu, mwanangu." Akafuta machozi, akauliza, "Na wa kweli nitaujenga lini?"

Alipokwenda field, mafunzo ya kazini, walimweka kuchemsha chai ya mafundi. Alichemsha, akagawa, kisha akachukua mwiko wake wa uashi akaenda kusimama ukutani pamoja nao. Siku ya pili walitafuta mtu mwengine wa chai.

Mama yake, Bi Time, alitaka mwanawe ajifunze cherehani. Lakini Riziki alipomjengea jiko la nyuma, nilimkuta Bi Time anawaonesha majirani kona za ukuta, anazipapasa kwa kiganja.

Akaenda Unguja kusoma diploma. Akarudi na hamu ya jambo jengine kabisa: usalama kazini. Wenzetu wakamwita Bi Helmeti. Hakujali. Akapata kazi ya kusimamia safety kwenye jengo moja huku Gombani, miye nikiwa fundi bomba hapo hapo, na akawa analetewa wanafunzi wa field awafundishe. Mwezi ujao alikuwa aanze digrii ya ujenzi. Begi keshanunua.

Saiti ile ilikuwa na shimo. Shimo refu la maji machafu, limechimbwa kwenye udongo mwekundu, na masika ndiyo hayo yameshaingia. Mbao za kuzuia kuta zake zisiporomoke ziliahidiwa kila wiki. Hazikuja.

Riziki akaanza kubadilika. Mcheshi yule akawa kimya. Mchana sisi tunakula, yeye anazunguka ukingo wa shimo, anachutama, anagusa udongo, ananyanyuka.

Siku moja alinivuta mkono. "Njoo utazame." Palikuwa na ufa ardhini, mwembamba, unakwenda sambamba na ukingo.

"Jana haukuwa umefika hapa," alisema.

Nikamwambia pengine ni jua tu.

"Jua gani, shoga, na mvua hii?"

Alimwambia fomeni. Aliwaambia waliokuja na gari kutoka ofisini. Walimsikiliza kwa adabu, wakaondoka.

Wanafunzi wake aliwafungia kamba mbali na shimo. "Atakayevuka kamba hii, field yake imekwisha." Hakuna aliyevuka.

Jumapili asubuhi mvua ilikatika kidogo. Fomeni akaniita: "Fundi, shuka ufunge bomba kabla haijarudi." Nilishabeba mkoba wa vifaa. Riziki akasimama mbele yangu.

"Weye hushuki."

"Riziki, kazi inachelewa," fomeni alisema.

"Ichelewe. Hashuki mtu humu mpaka mbao zije."

Fomeni hakubishana naye. Riziki aliposogea pembeni kupiga simu ofisini, fomeni aliwaita vibarua wawili washuke wateke maji yaliyotuama chini. Alisema ni kazi ndogo, mara moja wametoka. Riziki aliporudi, walikuwa wameshafika chini.

Tulisikia sauti kwanza. Ndogo, kama mtu anapepeta mchele kwenye ungo. Ulikuwa udongo unadondoka majini.

Riziki akawaita watoke. Mmoja akapanda ngazi mbio. Mwengine, Hamad, mguu ulizama kwenye tope, anauvuta hautoki. Riziki akaniambia, "Shika ngazi," akashuka.

Nikashika ngazi. Nilimwona anachimbua tope kwa mikono, anamwambia Hamad, "Acha kiatu. Acha kiatu, panda." Hamad akapanda, akanipita. Riziki alikuwa ameshaweka mkono mmoja kwenye ngazi, ukuta wa shimo nyuma yake ukaondoka wote kwa pamoja.

Fomeni alirukia humo akachimba kwa mikono, analia. Wanafunzi walichimba. Miye nilichimba. Tulipomfikia, innalillahi, alikuwa keshaondoka.

Hamad alikuja msibani. Alisimama nje kwenye mvua, hathubutu kuingia, mpaka Bi Time akaomba aitwe. Akamtazama chini mpaka juu, akamuuliza, "Mguu unaendeleaje, mwanangu?"

Ningetamani niishie hapo. Lakini leo asubuhi nimepita Tibirinzi. Jengo jengine, shimo jengine, udongo ule ule umelowa. Kuta ziko tupu, hamna ubao, na vijana wako chini wanachimba.

Nilisimama juu nikawaambia watoke.

"Tumeshazoea, dada," mmoja alinijibu, bila ubaya wowote.

Nikawasimulia ya Jumapili. Nikawaambia ya ufa. Mmoja wao akaegemeza koleo lake, akapanda, akakaa juu mbali na ukingo. Wenzake wakatazamana, wakainama tena. Nikamtafuta msimamizi wao, nikaambiwa hajafika. Ninaandika hii nikiwa hapa hapa ng'ambo ya barabara, namngoja, na wingu limeshafunga.

Nyinyi mnaosoma ufundi, na nyinyi wazazi mnaowapeleka wanenu field: ulizeni mbao kabla ya kushuka. Mkiambiwa zinakuja, ngojeni zije.

Riziki, shoga yangu, ulitaka kufika mbali na ulikuwa unafika. Pumzika sasa. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, alitie nuru, na udongo usikubane tena.