Shemeji Kwenye Mstari wa Zege

Kabla mke wake hajawa nyapara, wenzake kazini walimwita Mkono, kwa jinsi alivyojua kuchanganya zege bila kipimo, kwa kulitazama tu. Siku mke alipopewa usimamizi, wakaanza kumwita shemeji.

Shemeji! Na yeye ndiye aliyemleta mkewe pale, aje kuchota maji. Sasa imekuwa kama yeye ndiye aliyeingia kazini kwa mlango wa ndoa.

Ulikuwa wakati mbaya. Nyapara wa zamani alikuwa ameanguka kutoka jukwaani akavunjika nyonga. Ujenzi mwingi umesimama, saruji imepanda bei, na nusu ya wenzao wamekwenda kutafuta kwingine. Fundi mkuu akawaambia waliobaki, chagueni wenyewe mtu wa kuwaongoza. Mkono akakohoa, akaweka kofia sawa, akangoja.

Wakamchagua mkewe, Mama Pacha.

"Mimi mmeniona nina nini?" Mkono alimuuliza mmoja wa wabeba kokoto.

"Wewe unalijua zege, shemeji. Dada anatujua sisi."

Mkono akaivua ile kofia.

Na kweli mke aliwajua. Zege likianza kumwagwa halisimami. Likisimama katikati, slabu, sakafu ya ghorofa, inapata mshono, na mvua ya kwanza itapita hapo hapo. Kwa hiyo watu hujipanga kutoka chini mpaka juu, karai likapita mkono kwa mkono. Mama Pacha aliupanga mstari kwa namna yake. Waliogombana aliwaweka jirani.

"Huwezi kumpa mtu karai la zege bila kumtazama," alisema.

Ikifika jioni walionuniana wanacheka, au walau wanapeana maji ya kunywa. Hivyo ndivyo alivyowashikilia watu wake, wasitawanyike wote.

Mumewe alimweka juu kabisa, mwisho wa mstari, zege linapomwagwa na kusawazishwa. Mama Pacha mwenyewe alisimama chini karibu na mashine ya kuchanganyia. Na kando yake, mwezi mzima, alisimama Twiga.

Twiga alikuwa mrefu, kifua wazi, meno kama ya tangazo la dawa ya meno. Kutoka juu Mkono aliona kila kitu. Karai linatoka kwa mke, linaingia kwa Twiga. Macho yanakutana. Linakuja jingine, yanakutana tena. Siku moja aliwaona wanacheka.

"Mzee, unalisawazisha au unalipiga?" fundi mkuu alimuuliza.

Nyumbani alikula kimya.

"Chumvi imezidi?" mke aliuliza.

"Haijazidi."

Mke alikuwa anasinzia, kijiko mkononi. Hakuuliza tena. Hilo nalo Mkono akaliweka moyoni, pamoja na yale mengine.

Ikafika siku ya slabu kubwa. Mwenye jengo alikuwa ameshawaambia: ikiharibika hii, msirudi. Na kazi nyingine haikuwepo. Wamefika katikati, mashine ikakohoa, ikatoa moshi, ikafa. Juu wingu limeshakuwa jeusi.

"Tunachanganya kwa koleo!" Mama Pacha alipaza sauti. "Baba Pacha, shuka uje utupimie!"

Mkono akaweka chini ubao wake wa kusawazishia. Akakaa juu ya rundo la mbao.

"Mwambie Twiga akupimie."

Mstari mzima ukasimama, makarai mikononi.

"Shemeji, mikono inakatika huku!"

"Ya chumbani si mngeyaacha chumbani jamani!"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Zege lililomwagwa lilikuwa linaanza kukauka ukingoni. Mkono aliliona. Hakusimama.

Mama Pacha hakugomba. Alimtazama mumewe kwa muda, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau jikoni.

"Twiga," akasema, "panda juu ukasawazishe. Baba Pacha, wewe njoo usimame na mimi."

Mkono akashuka. Mahali pale alikuwa amepatamani mwezi mzima, asingeweza kukataa. Wakakutana na Twiga kwenye ngazi.

"Afadhali umekuja," Twiga akasema. "Mkeo kanitazama mpaka nimechoka. Na yote ni kwa sababu nilitaka kuhama na wenzangu kwenda kwa tajiri mwingine."

"Kumbe mligombana?"

"Sasa ulidhani kaniweka pale kwa uzuri wangu?"

Mkono akamalizia ngazi. Alishika koleo. Mchanga, kokoto, saruji, maji. Zege likakubali. Akajaza karai, akampa mkewe. Ikabidi amtazame. Macho ya mke yalikuwa mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi.

Karai la pili. La tatu.

"Sisi tumegombana?" akauliza.

"Sijui. Wewe ndiye uliyenuna. Lete karai."

Akaleta.

"Mbona kila siku unanitupa kule juu?"

"Kule zege likikosewa, tumekwisha. Nimuweke nani?" Akapokea, akapitisha. "Nina mstari mzima wa watu wa kuwatuliza, Baba Pacha. Nikasema walau mmoja, huyu wangu, yuko sawa."

Mkono akainama kwenye zege. Akachanganya kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Acha kulipikapika," mke akasema. "Lete."

Mvua iliwakuta wakivuta turubai juu ya slabu iliyokwisha, isiyo na mshono. Mwenye jengo akawapa nyingine.

Asubuhi ya slabu hiyo Mkono alisimama chini, karibu na mkewe, akingoja kupangiwa.

"Juu," mke akasema. "Kwako kule kule."

Akapanda. Alipotazama chini, kando ya mkewe alikuwa mbeba saruji mmoja, aliyemgomea juzi. Mama Pacha anampa karai, anamtazama machoni, hamwachii mpaka naye amtazame.

Wivu ukampanda Mkono upya. Akashika ubao wake, akatamani wagombane yeye na mkewe, hata kidogo tu, hata kwa ajili ya chumvi.